Kukaguliwa sawa, ila sura yangu kutunzwa miaka 75 hapana

Mjadala wa ukaguzi wa eapoti huwa unaishia palepale. Mmoja anasema kama huna unachoficha unaogopa nini, bora wanivue hata shati nifike salama kuliko nilipuke angani. Mwenzake anasema hawa jamaa wametufanya wote magaidi. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kuna jambo wanakubaliana, kwamba usalama na faragha ni mizani, ukiongeza huku lazima upunguze kule. Hapo ndo nisipokubaliana na yeyote kati yao. Ukifuatilia historia ya hizi mashine tangu 2009 unakuta zimeweza kukagua watu bila kuonyesha maumbile yao, na zinaweza kulinganisha sura na pasipoti bila kuitunza hiyo sura, kwa hiyo kama sura yako bado inatunzwa ujue kuna mtu kakaa ofisini akaamua itunzwe.

Tuanzie Krismasi ya 2009. Kijana wa Kinigeria wa miaka 23, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege ya Northwest kutoka Amsterdam kwenda Detroit akiwa na baruti ndani ya chupi. Geti la kugundua chuma halikumuona maana baruti sio chuma. Ndege ilipokaribia kutua akajaribu kuilipua, baruti ikashika moto tu, abiria na wahudumu wakamdhibiti. Dunia nzima inaikumbuka ile chupi. Kinachosahaulika ni kwamba baba yake mzazi, mtu mkubwa kwenye mambo ya benki kule Nigeria, mwezi Novemba alikuwa ameshaenda kwa miguu yake ubalozi wa Marekani pale Abuja kuwaambia kwamba ana hofu na msimamo wa mwanae. Jina likaingizwa kwenye orodha kubwa ya watu wa kutiliwa mashaka, likakaa humo, viza ya kijana ikaendelea kuwa hai. Januari 2010 Obama mwenyewe alikiri kwamba taarifa zilikuwepo na kilichoshindikana ni kuziunganisha. Yaani serikali ilikuwa na taarifa nyingi ambazo haikuzisoma vizuri, alafu jibu likawa kununua mashine za kukusanya nyingine zaidi kutoka kwa kila abiria.

Kabla ya tukio lile skana za mwili kwenye viwanja vya Marekani zilikuwa kama 40 tu. Baada yake zikaagizwa kwa mamia. Zilikuwa aina mbili, moja ya kampuni ya Rapiscan iliyotumia mionzi ya eksirei hafifu, nyingine ya kampuni ya L-3 inayotumia mawimbi kama ya redio, na zote zilikuwa zinapenya nguo. Afisa alikaa chumba cha pembeni anaangalia umbo lako lote kwenye skrini, matiti, sehemu za siri, pedi, mfuko wa haja wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, titi la bandia la mama aliyepona kansa. Michael Chertoff, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, alikuwa anazipigia debe kwenye vyombo vya habari wakati kampuni yake ya ushauri ina Rapiscan kama mteja. Na TSA, ile mamlaka ya usalama wa usafiri iliyoundwa Novemba 2001 baada ya Septemba 11, ikawahakikishia wananchi kwamba picha haziwezi kutunzwa, kuchapishwa wala kutumwa popote.

Januari 2010 taasisi ya EPIC inayotetea faragha ikapata, kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa, nyaraka za TSA yenyewe za mwaka 2008 ambazo zilikuwa zinawaambia watengenezaji kwamba mashine lazima iwe na uwezo wa kutunza na kutuma picha ikiwekwa kwenye hali ya majaribio. TSA ikajibu kwamba uwezo huo unazimwa kabla mashine haijapelekwa eapoti. Inawezekana kabisa walisema kweli. Lakini wewe umesimama pale mikono juu, viatu umevua, mkanda umevua, utajuaje mashine iko kwenye hali gani? Huwezi. Unabaki na neno la afisa. Mwaka huohuo, Agosti, ikajulikana kwamba skana iliyofungwa kwenye mahakama ya serikali kuu kule Orlando, Florida ilikuwa imetunza picha zaidi ya 35,000 za watu waliopita mlangoni, na Novemba mtandao wa Gizmodo ukachapisha 100 kati ya hizo. Ilikuwa mahakamani, sio eapoti, na picha zenyewe zilikuwa na ukungu kweli, ila baada ya hapo lile neno la "haitunzi" halikuwa tena na uzito uleule.

Watu waliolelewa kujisitiri waliumia zaidi na hili na sio wao peke yao. Februari 2010 baraza la fiqhi la Waislamu wa Marekani Kaskazini lilitoa tamko kwamba kupita kwenye hizo mashine kunakwenda kinyume na mafundisho ya Uislamu kuhusu stara, na mwezi huohuo Papa Benedict alipokutana na wafanyakazi wa usafiri wa anga aliwaambia heshima ya utu wa binadamu ilindwe hata wakati wa hofu ya ugaidi. Msikiti na kanisa ndani ya mwezi mmoja. Na ukisema hutaki skana, kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2010 ulikuwa unapapaswa kwa mikono mpaka mapajani juu kabisa. Mama aliyevaa baibui akawa anachagua kati ya kuonwa na mtu asiyemuona na kushikwa mbele ya watu, na hiyo wakaiita hiari.

Sasa angalia kilichokuja kutokea, maana hapa ndo pana ushahidi wangu wote. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema TSA ilikosea kufunga mashine bila kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kwanza, ingawa haikuzizuia. Februari 2012 ikasainiwa sheria iliyotaka kila skana iwe na softiwea inayosoma yenyewe na kuonyesha kikatuni tu, umbo moja la mtu kwa abiria wote, na kijisanduku cha njano mahali penye kitu cha kukaguliwa. Mashine za L-3 zikaweza. Rapiscan wakashindwa kuimaliza softiwea yao, Januari 2013 mkataba ukakatishwa na mpaka mwisho wa Mei mashine zao 174 zilizokuwa zimebaki viwanjani zikatolewa. Yule afisa wa chumba cha pembeni hakuhitajika tena, na TSA yenyewe ikausifia mfumo mpya kwamba unaokoa muda na wafanyakazi. Na hii softiwea haikuwa ndoto ya mtu mwaka 2010, pale Schiphol Amsterdam walikuwa tayari wanaitumia kwa ndege za kwenda Marekani wiki chache tu baada ya lile tukio la Detroit. Ulaya nao Novemba 2011 wakazikataa skana za eksirei, wakaweka kwenye kanuni kwamba picha haitunzwi na abiria ana haki ya kukataa akaguliwe kwa njia nyingine. Kwa hiyo kwa miaka mitatu wananchi wa Marekani waliambiwa hii ndo bei ya usalama, vumilieni, na bei yenyewe haikuwa lazima kabisa, kilichokuwa kinahitajika ni bunge kuweka tarehe ya mwisho.

Nikiri kwamba mimi sipingi kukaguliwa. Mtu aliyeishi Dar au Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 hawezi kukuambia ugaidi ni hadithi. Skana mpya za mabegi zinazozungusha picha ya begi pande zote nazipenda sana, zinaangalia mzigo na kukuacha wewe na mwili wako, na laptopu unaiacha humohumo ndani. Ila tusijidanganye kwamba kila mashine inayotuvua utu inafanya kazi iliyoahidiwa, mwaka 2015 ilivuja ripoti ya wakaguzi wa ndani wa wizara ya usalama wa Marekani waliojifanya abiria, wakapitisha silaha na mabomu ya bandia mara 67 kati ya majaribio 70. Skana zilikuwepo. Na wakati zinapitwa na hivyo vitu zilikuwa zinapiga kelele kwa nywele, mwaka 2019 waandishi wa ProPublica walionyesha jinsi mashine hizi zinavyoashiria hatari kwa mitindo ya nywele ya wanawake weusi, dada kasuka twende kilioni au kafuga dredi anaingizwa vidole kichwani mbele ya foleni nzima, mwenzake mwenye nywele za kulala anapita. TSA walikuwa wanalijua tatizo, mwaka mmoja kabla walishawaomba watengenezaji waboreshe ukaguzi wa nywele na vilemba.

Haya, ya mwili tuyaache, vita vya sasa ni vya sura.

Pasipoti yako ya kielektroniki, ya Tanzania iliyozinduliwa Januari 2018 au ya Kenya iliyoanza 2017, ina chipu ndani. Kwenye chipu kuna picha yako ileile ya ukurasa wa mbele, imefungwa kwa saini ya kidijitali ya serikali iliyoitoa ili mtu asiweze kuibadilisha picha bila kujulikana. Kwa hiyo ukifika kwenye geti lenye kamera, mashine inaweza kusoma chipu, ikapiga picha ya uso wako, ikalinganisha hizo mbili, ikakuta ni wewe, geti likafunguka na ile picha mpya ikafutwa hapohapo. Mmoja kwa mmoja. Hakuna haja ya kanzidata, hakuna haja ya kutuma kitu popote, na swali la msingi, je huyu ndo mwenye hii pasipoti, limejibiwa vizuri kuliko afisa aliyechoka saa tisa usiku angeweza kulijibu. Mimi hiyo nasaini hata leo.

Mfumo wa Marekani wa mpakani umejengwa vingine. Kabla hujafika getini shirika la ndege limeshatuma orodha ya abiria, mfumo unavuta picha za wote waliomo kwenye hiyo orodha, zile za viza na pasipoti na safari zako za nyuma, unaziweka kwenye albamu moja, alafu kamera ikikuona inakutafuta humo. Raia wa Marekani anaambiwa picha yake inafutwa ndani ya saa 12, na anaweza kukataa akaonyesha pasipoti kwa mkono. Mgeni picha yake inakwenda kutunzwa kwenye kanzidata ya wizara ya usalama wa ndani mpaka miaka 75, na kukataa hawezi. Zamani watoto chini ya miaka 14 na wazee waliozidi 79 walikuwa hawaguswi, kanuni mpya iliyoanza 26 Desemba 2025 imefuta huo msamaha. Mtoto wa miaka sita anayeenda na mama yake Houston kumsalimia shangazi, sura yake inaweza kubaki kwenye serva za nchi isiyo yake mpaka atakapokuwa na miaka 81.

Geti ni lilelile, kamera ileile, foleni ileile, hatari ya kulipua ndege ni ileile kwa raia na mgeni. Kama saa 12 zinatosha kwa mmoja, zile siku za ziada za mwingine zinalinda nini kwenye ile ndege ambayo imeshaondoka? Hakuna sababu ya kiusalama wa anga hapo. Ni ukusanyaji wa wageni uliopandishwa kwenye mgongo wa usalama wa anga, na wanaojazwa humo ni sisi.

Na vitu vikikusanywa vinavuja. Mwaka 2019 kampuni ndogo iliyopewa kazi na mamlaka ya mipaka ya Marekani, Perceptics, ilidukuliwa, na wakaguzi wakaja kukuta picha za wasafiri kama 184,000 kutoka kwenye jaribio la kamera za sura kwenye mpaka wa Texas zilikuwa zimeingia mikononi mwa wezi, nyingine zikaonekana kwenye soko la gizani la mtandao. Zilifikaje kwenye kompyuta za hiyo kampuni? Wafanyakazi wake walizinakili kutoka kwenye vifaa vya serikali bila ruhusa, kinyume na masharti ya kazi, na mamlaka haikujua. Nimekaa sana nikiitafakari hii kesi maana inaonyesha hata kama serikali ina nia njema na kanuni nzuri, bado kuna mkandarasi, chini yake kuna mkandarasi mwingine, na huko chini ndo picha yako inakolala. Nywila ikiibiwa unabadilisha. Uso utaubadilisha na nini?

Alafu kuna suala la mashine kukufananisha na mtu mwingine, na hapa Afrika Mashariki tumetajwa waziwazi. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti baada ya kupima programu 189 za kutambua sura kutoka kwa watengenezaji 99. Kwenye picha nzuri kabisa, zile za maombi ya uhamiaji, makosa ya kumuunganisha mtu na sura ya mtu mwingine yalikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa programu nyingi, tofauti hiyo ilikuwa mara 10 mpaka 100. Zilizotengenezwa China zilifanya vizuri kwa sura za Asia Mashariki, kwa hiyo inategemea umefundisha mashine kwa sura za nani, na programu zimeboreshwa tangu wakati ule, hilo nalikubali. Ila fikiria kijana wa Mombasa mwenye jina la Kiislamu, mashine imemuunganisha na sura ya mtu mwingine aliye kwenye orodha ya kutafutwa, anawekwa chumba cha pembeni kwa masaa manne, ndege ya kuunganisha imemuacha, na wakati huo mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye sio yule uko kwake. Ukilinganishwa na chipu yako mwenyewe kosa la namna hiyo halipo, maana hamna watu wengine wa kukuchanganya nao.

Simu nitaigusa kidogo tu. Mwaka wa fedha wa 2015 maafisa wa mpaka wa Marekani walipekua vifaa kama 8,500 vya wasafiri, mwaka 2024 vilifika 47,047. Ni wachache ukilinganisha na wasafiri wote, kweli, lakini vinavyonakiliwa vinaweza kukaa miaka 15 kwenye mfumo ambao mwaka 2022 ilikuja kujulikana maafisa kama 2,700 wanaweza kuufungua bila kibali cha mahakama. Raia akikataa kutoa nywila simu inaweza kubaki mikononi mwao ila yeye ataingia nchini kwake, mgeni akikataa anaweza kurudishwa alikotoka. Na kabla hata ya kufika huko, fomu ya viza tangu 2019 inataka majina yako yote ya mitandao ya miaka mitano, na tangu Juni 2025 wanafunzi wanaambiwa waziweke akaunti zao wazi kila mtu aone. Binti anayeomba viza ya kwenda kusoma anaifungua akaunti aliyoifunga kwa sababu zake, labda za kifamilia, labda kuna mwanaume anamsumbua, hakuna anayemuuliza.

Wengine tunapitia Ulaya, na kule mfumo mpya wa kuingia na kutoka ulioanza 12 Oktoba 2025 umechukua nafasi ya muhuri, wasio raia wao wanapigwa picha ya uso, alama za vidole za wenye viza zikiwa tayari kwenye mfumo wa viza, na kumbukumbu zinakaa miaka mitatu. Sipendi, ila miaka mitatu na sheria inayokupa haki ya kuomba kuona na kurekebisha kilichoandikwa sio sawa na miaka 75.

Tusiishie kuwasema wazungu. Desemba 2017 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2396 linalozitaka nchi zote wanachama kukusanya taarifa za abiria kabla hawajafika na kujenga mifumo ya alama za vidole na sura. Nchi zote maana yake na zetu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na zote mbili zimeacha mwanya kwenye usalama wa taifa, ambao ndo hasa eapoti inakopita. Hata hivyo mahakama za Kenya zimeonyesha inawezekana. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema zoezi la kutoa kadi za Huduma Namba, ule mfumo wa utambulisho wa kitaifa, lilikuwa batili kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Mei 2025 ikawaamuru Worldcoin, wale waliopanga watu foleni KICC kuwapiga picha mboni za macho kwa malipo, wazifute data walizokusanya. Jaji wa Nairobi anaweza kuamuru ifutwe data iliyokusanywa Nairobi. Ile iliyoko kwenye serva za Marekani kwa miaka 75 hakuna jaji wetu wa kuifikia, na ndo maana ya kwetu tuiwahi ingali mikononi mwetu.

Kwa hiyo siku ikitangazwa tenda ya mageti ya sura kwa eapoti za JNIA (Dar), KIA (Kilimanjaro), Zanzibar au JKIA (Nairobi), mambo ya kudai yanajulikana na hayahitaji mtaalamu. Geti lilinganishe uso na chipu ya pasipoti, picha ifutwe geti likifunguka. Kama kuna watu wa kutafutwa, iwe orodha ya watu hao tu na iwe na mwenye kuwajibika kwa kila jina lililomo. Mkandarasi asiwe na nakala ya kitu chochote na vifaa vyake vikaguliwe na mtu asiyelipwa naye. Programu ipimwe kwa sura za watu wetu kabla ya kununuliwa, Mmakonde, Msomali, Mmasai na Mhindi wa Kariakoo, na matokeo yawekwe hadharani. Abiria asiyetaka kamera awe na dirisha la afisa bila kunyanyaswa. Haya yaandikwe kwenye mkataba, kwa lugha ya mkataba, na tathmini ya athari itolewe wananchi waisome wakati bado hela haijalipwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndo inapaswa kuwa ya kwanza kuiomba, na ikinyamaza basi wabunge na waandishi wa habari waiombe wao.